Siku ya Kukabidhi

Somo: 1 Samweli 12:1–5



Samweli alikuwa mzee mwenye mvi alipowakusanya Waisraeli na kusimama mbele yao. Sauli alikwisha kutawazwa. Samweli alikuwa anakabidhi. Angeweza kuwakumbusha mashauri aliyoyaamua miaka nenda rudi, akizunguka Betheli, Gilgali na Mispa. Hakufanya hivyo. Aliwataka wamshtaki hadharani, mbele za Bwana na mbele ya mfalme mpya: kama ana ng'ombe au punda wa mtu, kama alimdhulumu yeyote, kama alipokea rushwa akafumba macho, aambiwe, naye atarudisha. Hakuna aliyekuwa na la kumdai.

Hapa Ngerengere tunaishi jirani na kambi za jeshi, na wengi mnaoketi katika ibada zetu ni askari, wake na waume wa askari, au wastaafu. Mnajua kwamba askari hajiondokei tu lindoni. Hukabidhi lindo, na anayepokea hukagua. Utumishi wa umma nao ni lindo.

Nimemfikiria wiki hii jirani yetu wa upande wa Chalinze, Luteni Kanali mstaafu Jakaya Mrisho Kikwete, aliyezaliwa Msoga mwaka 1950. Yeye ni Mwislamu, nami ni mchungaji, lakini Mungu hatuzuii kujifunza kwa jirani. Alikuwa bado mwanajeshi Rais Ali Hassan Mwinyi alipomteua kuwa mbunge na naibu waziri mwaka 1988. Baadaye wananchi wa Bagamoyo wakamchagua, naye akakaa bungeni hadi 2005: miaka 17.

Ninachotaka tukitazame ni namna alivyoachia. Enzi ya chama kimoja, askari aliruhusiwa kuwa mwanachama, na matawi ya chama yalikuwepo hadi jeshini. Mfumo wa vyama vingi ulipoingia mwaka 1992, ilibidi kila mmoja achague: bunduki au siasa. Yeye alistaafu jeshi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba aliye vitani hajifungi na shughuli nyingine, ili ampendeze aliyemwandika awe askari. Taifa letu lilitambua hekima hiyo: mwenye silaha asiwe na upande.

Mwaka 1995, akiwa na miaka 44, aliwania kuteuliwa na chama chake kugombea urais. Aliongoza duru ya kwanza, lakini duru ya pili Benjamin Mkapa akamshinda kwa kura chache. Wengine wakishindwa hivyo hununa na kuanza kuchimba. Yeye alikubali matokeo, akamtumikia aliyemshinda kwa miaka 10 akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kisha naye akawa Rais, na vipindi viwili vilipokwisha, tarehe 5 Novemba 2015, alimkabidhi John Magufuli nchi.

Sisemi hayo ili kumtakasa mtu. Uongozi wake ulikuwa na malalamiko yake, na ni haki ya wananchi kuyasema. Hata Samweli alikuwa na doa nyumbani: wanawe, aliowaweka kuwa waamuzi kule Beer-sheba, walipenda rushwa. Siku ya kukabidhi hakuwaficha. Aliwataja mbele ya watu. Mtumishi mwaminifu hukubali kukaguliwa yeye na nyumba yake.

Wapendwa, tatizo letu si urefu wa utumishi. Anna binti Fanueli alizeeka hekaluni, na hakuna aliyemchoka. Tatizo ni mtu anayekaa mpaka anaanza kuona kiti ni chake. Tunao wenyeviti wa vikundi ambao daftari la fedha halijasomwa mbele ya wanachama tangu wachaguliwe. Tunao wazee wa kanisa na viongozi wa kwaya ambao mkutano wa uchaguzi ukikaribia, kila mara wanapata sababu ya kuuahirisha. Tukiwalaumu wabunge huku sisi tukiyafanya hayo, maneno yetu hayana uzito.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili wiki hii. Wewe unayeshika fedha, ufunguo au muhuri wa watu, itisha mkutano. Soma hesabu. Uliza kwa sauti kama kuna anayekudai au aliyedhulumiwa, na kama yupo, mlipe. Na wewe uliyeshindwa katika uchaguzi wowote, nenda kwa aliyekushinda umwambie uko tayari kumsaidia kazi.

Na ninyi mnaoongozwa, msikae kimya kwa woga halafu mkanung'unika njiani. Waisraeli waliulizwa wakajibu kweli. Tukiulizwa, nasi tujibu kweli, kwa maana Bwana ni shahidi.

Bwana awabariki.