Mlango Usio na Foleni



Leo naanza na kosa langu. Nimelibeba tangu mwanzo wa likizo, na sioni kwa nini nilifunike kwa falsafa kabla hamjalisikia.

Nilikuwa natoka Arusha kurudi nyumbani Oloipiri. Mnaoijua njia ya Loliondo kwa kupitia Karatu mnajua kwamba ni siku nzima. Ukishapita lango la Ngorongoro, kinachobaki ni vumbi, twiga, na usingizi wa kugonga kichwa kwenye kioo. Siti ya jirani alikaa kaka mmoja wa miaka arobaini hivi ambaye miguu yake haifanyi kazi. Anatembea kwa mikono, na mikononi anavaa ndala kama sisi tunavyozivaa miguuni. Tulipiga stori vizuri sana. Mto wa Mbu nilimnunulia maji ya chupa. Akashukuru, akaiweka pembeni bila kuifungua. Ilikuwa Ijumaa, nikadhani amefunga.

Mbele ya safari basi likasimama. Kondakta akapaza sauti: "Dakika kumi, wa kuchimba dawa achimbe!" Upande wa wanaume foleni ilikuwa ndefu, na hali ya ile sakafu siwezi kuieleza kwenye ukurasa wa ibada. Mwishoni kabisa kulikuwa na mlango mpana wenye picha ya kiti cha magurudumu. Hauna mtu. Nikaingia. Ndani pakavu, pasafi, kuna choo cha kukaa na vyuma vya kushikilia ukutani. Nikamaliza haja, nikanawa uso, nikanawa na miguu kutoa vumbi, nikatoka. Nyuma yangu niliacha maji yametapakaa na tope la viatu.

Nje nilimkuta yule kaka. Nikajisogeza pembeni, nikamwambia karibu. Akaangalia ile sakafu. Kisha akaangalia mikono yake. Honi ya basi ikalia.

"Haina shida, mdogo wangu. Nimeshazoea."

Akageuka, akarudi kwenye basi. Tulifika Wasso jioni. Nilimwomba radhi tuliposhuka, akanijibu kwa upole, lakini alikuwa na haraka, na nilijua ni haraka ya nini. Ndipo nikaielewa ile chupa ya maji. Hakuwa amefunga. Siku ya safari hanywi kitu, kwa sababu hajui mbele atakutana na sakafu ya namna gani.

Sasa tuje kwenye hoja. Mtu akinipeleka mbele ya darasa la maadili nijitetee, nina la kusema. Choo kilikuwa kitupu. Sikumsukuma mtu wala kumpita mtu. Nilitumia dakika tatu. Kwa nchi yenye uhaba wa vyoo kama yetu, kukiacha kimoja kikae bure huku watu ishirini wamebana miguu kwenye foleni si ndiyo ubadhirifu wenyewe?

Hoja hii inaonekana nzuri mpaka ukumbuke mambo ya nyumbani. Sisi Wamaasai tuna malisho tunayoyaita olokeri. Ni eneo karibu na boma, linatengwa kwa ajili ya ndama, na ng'ombe wagonjwa na dhaifu wasioweza kwenda mbali. Kiangazi kikikolea, madume yanarudi jioni mbavu zinahesabika, na pale jirani nyasi zimesimama. Mgeni angesema nyasi zinaharibika bure. Lakini hata mtoto wa miaka saba anayechunga anajua kwamba zile nyasi zinatumika tayari. Zinasubiri. Dume anaweza kwenda kilometa nyingi kutafuta majani; ndama akikosa hapo, amekosa. Ukiingiza madume siku moja tu, "mara moja tu jamani", wakati wa ndama ukifika utakuta wamebakiza vumbi.

Nimekulia kwenye sheria hiyo. Nimechapwa kwa sheria hiyo! Na bado nilipouona ule mlango, sikukumbuka.

Kosa langu, nadhani, lilikuwa kufikiri kwamba madhara pekee ni kumsubirisha mtu. Kwangu sakafu ni mahali pa kupitisha viatu. Kwake ni mahali pa kuweka viganja, na viganja hivyo hivyo ndivyo atakavyolia mkate. Kwa hiyo hata ningetoka nusu saa kabla hajafika, ningekuwa tayari nimemfungia mlango. Mimi nilikuwa na njia tatu: foleni, kichaka, au kuvumilia. Yeye alikuwa na hiyo moja.

Mtakatifu Basili alimfananisha tajiri anayehodhi mali na mtu aliyewahi kufika ukumbini, kisha akawazuia wanaokuja nyuma, kana kwamba kilicho cha wote kimekuwa chake. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuchukua mfano huo katika Summa akaufafanua: kuwahi si dhambi kama aliyewahi anawaandalia wenzake njia. Dhambi inaanzia kwenye kuwazuia. Nilipousoma darasani niliwaza matajiri wa mjini. Sikuwaza mtu mwenye begi mgongoni na rozari mfukoni.

Na fungueni Yohane sura ya 5. Pale bwawa la Bethzatha kuna mtu aliyeugua miaka 38, na malalamiko yake kwa Yesu ni kwamba kila akijaribu kuingia majini, mwingine anamtangulia. Huwa tunahubiri muujiza, yule aliyetangulia hatumwulizi chochote. Ila tumtendee haki, huenda naye alikuwa mgonjwa kweli. Mimi sikuwa na ugonjwa. Nilikuwa na foleni.

Hata hivyo nisiwafanye muwe wakali kuliko Injili. Yesu mwenyewe aliwakumbusha Mafarisayo jinsi Daudi alivyokula mikate iliyotengwa kwa makuhani, kwa sababu alikuwa na njaa. Kilichotengwa kinaweza kuisalimu haja ya kweli. Lakini Daudi hakuchukua kimyakimya. Alimwomba kuhani (tena kwa kudanganya kidogo, hiyo tuiache kwa leo). Mama mwenye mtoto anayeharisha, kijana ambaye tumbo limeshamshinda, aingie, atoke haraka, aache pakavu kuliko alivyopakuta. Kutopenda foleni si njaa ya Daudi.

Wala tusianze kukaa mlangoni kukagua miguu ya watu. Dada mwenye fistula anatembea vizuri tu. Mwenye kisukari, aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, mjamzito wa mwezi wa tisa, hakuna anayepaswa kukuonyesha cheti. Ile picha ya kiti cha magurudumu ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, na picha moja haiwezi kubeba kila mwili wenye shida. Swali la "unastahili?" nimeamua kujiuliza mimi tu, kabla sijagusa kitasa.

Kuna na kosa la wenye majengo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Choo kinajengwa, kinapigwa picha siku ya uzinduzi, kisha kinakuwa stoo ya mifagio, au kinafungwa kufuli na ufunguo anao mtu aliyekwenda mnadani. Hapo hakuna hata wa kumtangulia mwenzake.

Lakini sisi vijana tusikimbilie kuwasema wakubwa. Kigango ninachosaidia likizo hii kina mteremko wa zege pembeni mwa kanisa, uliojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu na wazee wenye mikongojo. Una kivuli kizuri cha mti. Kila Jumapili umejaa pikipiki, na nyingi ni za wanakwaya wetu. Kuna koko mmoja ambaye miezi yote hii amekuwa akisalia nje chini ya dirisha, na mimi nilikuwa nikimpelekea Komunyo huko huko nikidhani anapenda hewa.

Jumapili iliyopita kabla ya Misa tulizihamisha. Zilikuwa sita. Tano tulizisukuma wenyewe hadi kwenye jua. Ya sita ni ya katekista, ilikuwa imefungwa usukani, na tulisimama pale tukitazamana nani aende kumwita.