Mkosoaji Mwenye Ruhusa

Kutoka Navakholo ukivuka Mto Nzoia kuelekea Bungoma, unaingia nchi ambayo kukemea watu hadharani ni kazi yenye mwenyewe. Mzee wa heshima akifa kwa Wabukusu au Watachoni, baada ya maziko huitwa msemaji wa matanga anayejulikana kama omuswali. Hutembea uwanjani huku na huku, fimbo mkononi, waombolezaji wameketi kimya. Husimulia koo zilikotoka, huwafariji wafiwa, na katika maneno hayo hayo huwagonga walio hai: waliogombania mipaka, waliotelekeza wazazi. Hakuna anayemkatiza. Manguliechi, mmoja wa mabingwa wa sanaa hii, alipata sifa mbali na kwao.

Ruhusa hiyo haiokotwi njiani. Omuswali anatoka katika ukoo unaojulikana kwa kazi hiyo, ana siku yake, na anayekemewa yupo pale anasikia. Swali la kwa nini jamii ikaufunga ulimi kwa masharti mengi hivyo ni la kidini hasa, na makanisa ya magharibi mwa Kenya yamelijibu kwa machungu.

Wamisionari wa Marafiki, yaani Wakweka, walifika Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1927, Arthur Chilson alipohubiri habari za Roho Mtakatifu, watu walianza kuungama kwa sauti. Waliungama dhambi zao wenyewe. Miaka ya 1930 uamsho mwingine ulianza Gahini, Rwanda, ukaenea hadi kwa Waanglikana wa Nyanza, nao msingi wake ulikuwa huo huo: mtu ajianike mwenyewe.

Kisha vidole vikageuka. Baadhi ya waliookoka, walioitwa Joremo, watu wa damu, waliwaona Wakristo wenzao kuwa si Wakristo bado. Mwaka 1957 kasisi Matthew Ajuoga na wenzake, Johera, watu wa upendo, walijitenga na Kanisa la Anglikana, na hapo likazaliwa Church of Christ in Africa. Sababu zilikuwa kadhaa, ugomvi na uongozi wa kimisionari ukiwemo. Lakini kuhukumiwa na mtu mnayeshiriki naye meza ya Bwana si jeraha dogo.

Anayeungama anatoa kitu: jina lake, aibu yake, pengine na deni alipe. Anayekosoa wengine hatoi chochote, na bado anaondoka akijiona msafi. Utamu wa ukosoaji huo uko hapo, na ndiyo maana Mathayo sura ya 7 na Suratul Hujurat zote mbili zinaukataza bila kubembeleza.

Navakholo ina makanisa mengi na matanga mengi. Pembeni mwa hema, chai ikizunguka, watu hupima bei ya jeneza, mchango wa wakwe, na machozi ya mjane kama yametosha. Mjane mwenyewe haambiwi. Wakati huo huo, mashemeji huenda wameshaanza kugawana shamba lake la miwa, ingawa Sheria ya Urithi imemlinda tangu 1981. Kosa hilo linahitaji mtu wa kusimama mbele yao na kulitaja wakiwa wameketi, tayari kupoteza urafiki wao. Wale waliokuwa hodari pembeni mwa hema huwa wa kwanza kuinamisha vichwa.