Maji Yasiyozungusha Mtambo

Ukitaka kuielewa DNP, anzia Rusumo, wilayani Ngara. Maji ya mto Kagera huzungusha mitambo ya megawati 80, na umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Mitokondria ndani ya seli nazo hufanya vivyo hivyo. Nguvu ya chakula husukuma protoni upande mmoja wa utando. Zikirudi kupitia mtambo mdogo uliopo hapo, hutengenezwa ATP, inayotuwezesha kutembea na kufikiri.

DNP huzivusha protoni hizo kwa njia za panya. Watu wa mpakani wanaelewa: forodha haipati kitu. Chakula kinaungua, joto linapanda, kazi haifanyiki. Kwa hiyo miaka ya 1930 Wamarekani waliimeza ili wapungue unene, hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1938. Wengine walipata mtoto wa jicho, wengine waliuawa na joto lao wenyewe. Leo inauzwa mtandaoni.

Aprili 1994 zaidi ya Wanyarwanda laki mbili walivuka daraja la Rusumo kwa takribani siku moja, wakaishi Benaco kwa mgao wa chakula. Ni rahisi kusema kwamba kuunguza chakula bure ni dhambi mbele ya njaa ya namna ile. Siikubali hoja hiyo. Anayekimbia asubuhi Biharamulo naye anaunguza ugali bila kulima hata tuta moja, na hatumlaumu.

Hoja inayonisumbua ni ile ya "mwili wangu, uamuzi wangu". Naiheshimu. Lakini aliyefunga anaweza kufungua saa yoyote, na mkimbiaji akichoka hukaa. Aliyemeza DNP akighairi usiku wa manane, hakuna dawa ya kuizima. Madaktari wanampoza mwili na kusubiri. Uamuzi ulikuwa wake mchana tu. Na aliyemuuzia alilijua hilo.

Mahakama za Uingereza zilikutana na swali hili baada ya mwanafunzi mmoja kufariki mwaka 2015. Muuzaji alitiwa hatiani, kisha hukumu ikafutwa kwa sababu baraza la wazee wa mahakama halikuelekezwa ipasavyo kuhusu hiari ya marehemu. Kesi ikasikilizwa upya. Mwaka 2020 baraza jipya liliambiwa lipime kama binti yule alimeza kwa hiari kamili. Likamtia muuzaji hatiani tena.