Uji Kabla ya Jembe

Jirani yangu hapa Nsimbo hawapi vibarua chochote mpaka ngwe iishe. Ikiisha, anawapakulia ugali na maharage mpaka washindwe wenyewe, maana si bahili. Kabla ya hapo hata chai ya rangi huioni. Tulipobishana kwenye jumuiya mwezi Oktoba, alinifunga mdomo kwa Mtume Paulo: asiyefanya kazi na asile. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Maneno hayo tumeyasikia tangu enzi za Ujamaa, na kwa kizazi chetu yamekuwa amri ya kumi na moja.

Kuna swali ndani yake ambalo si dogo. Chakula ni malipo ya kazi, au ni sharti la kazi? Kama ni malipo, kije nyuma. Kama ni sharti, basi mwenye shamba ana deni kabla jembe halijagusa ardhi, tena anadaiwa na mtu ambaye hajamfanyia lolote. Deni la namna hiyo haki ya sokoni haijui kulieleza. Ndiyo maana nimelipeleka kwenye dini.

Ila nianzie mwilini, kwa sababu nilifundisha sayansi na michezo shule za msingi kwa miaka mingi, na watoto wa mashindano ya UMITASHUMTA niliwakimbiza kwenye jua hilihili. Oktoba ndio mwezi wa kuandaa mashamba huku Katavi. Mvua bado, jua linapita utosini hasa, Mto Katuma umebaki madimbwi na viboko wanasongamana humo mmoja juu ya mwenzake. Na saa zetu zinadanganya: tunatumia saa zilezile za Dar es Salaam, lakini jua hutuchomozea karibu nusu saa baadaye. Kwa hiyo saa saba mchana, wakati wa pwani wanaliona limeanza kuinama, kwetu ndio kwanza lipo juu ya kichwa.

Kibarua aliyekula saa mbili usiku anafika shambani saa kumi na mbili asubuhi. Ini lake huweka akiba ya sukari kama gramu 100, na usiku kucha ubongo umekuwa ukiichota. Anaanza kulima akiwa na ghala nusu tupu, na joto linaufanya msuli umalize sukari yake haraka zaidi. Katika nguvu zote anazotumia, robo au pungufu ndiyo inayofika kwenye jembe. Iliyobaki inageuka joto ndani ya mwili, na joto hilo lazima litoke. Damu inalibeba kwenda kwenye ngozi, jasho linakauka, ngozi inapoa. Jasho linalodondoka chini halipoozi kitu.

Hapo damu ina kazi kama mama mwenye watoto watatu na muhogo mmoja: msuli unataka, ngozi inataka, na tumbo likiwa limejaa, nalo linataka. Ndiyo maana kumlisha mtu sahani ya ugali na nyama kisha kumpa jembe papo hapo nako ni kumtesa. Nyama na samaki, karibu robo ya nguvu ya protini yake huishia kwenye kazi ya kuisaga, na hiyo ni joto tupu. Wanga hauzidi moja ya kumi. (Watu wa Karema wangenizomea hapa, kwao migebuka haina saa.) Kinachofaa ni chepesi na cha mapema: uji wa mahindi wenye sukari na chumvi kidogo, au matobolwa ambayo Wasukuma wametuzoesha, saa moja au mbili kabla ya kuinama. Na maji. Madaktari wa michezo hushauri mililita tano hadi saba kwa kila kilo ya mwili, kama saa nne kabla ya kazi. Kwa mtu wa kilo 60 ni karibu vikombe viwili. Chumvi ya kwenye uji husaidia maji hayo yabaki mwilini, yasiishie vichakani.

Sasa turudi kwa Paulo. Wathesalonike aliowakemea kwa maneno yale ni watu waliokuwa wamekataa kazi na kujishughulisha na mambo ya wengine. Kijana aliyetembea kutoka Katumba gizani na jembe begani hayumo kwenye barua ile. Na Paulo huyohuyo, akiwaandikia Wakorintho, alishika sheria ya Musa inayokataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Jirani yangu ana maksai wanne. Hawafungi nira kabla hajawachunga na kuwanywesha. Nilipomwambia hivyo alicheka, kisha akanuna.

Lakini andiko linalonisumbua zaidi ni la Eliya, Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Amemkimbia Yezebeli, ametembea siku nzima jangwani, amelala chini ya mretemu na kuomba afe. Huyu kazi ameiacha kabisa. Kwa sheria ya jirani yangu, asile. Malaika anamgusa, na pale kichwani pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena, ndipo anaondoka. Kuhojiwa kulimngoja pangoni, Horebu. Mkate, maji, mapumziko, mkate, maji, safari: sidai malaika alisomea lishe, ila utaratibu ule nisingeurekebisha.

Jirani alinijibu vizuri, lazima nikiri. Alisema Eliya alikuwa ametoka kufanya kazi kubwa Karmeli, kwa hiyo ule ulikuwa ujira wake. Nikamwomba asome tena sababu aliyoitoa malaika. Hakutaja Karmeli. Alitaja safari iliyokuwa mbele, kwamba ilikuwa kubwa kuliko nguvu za yule mtu.

Waislamu hawahitaji mabishano haya, wana daku. Mtume wao alifundisha kwamba katika daku mna baraka, na kuichelewesha hadi karibu na alfajiri ni sunna. Mwaka 2007 Ramadhani iliangukia Septemba na Oktoba, na kijana wa Ujiji aliyenilimia wakati ule alianza mara tu baada ya swala ya alfajiri na kuweka jembe saa nne. Nilimuuliza kama kula kabla hakupunguzi thamani ya saumu.

"Mwalimu, daku yenyewe ni ibada," akasema. "Mungu hakuniambia nijiue."

Na masheikh wengi hufundisha kwamba mwenye kazi ngumu anuie na kufunga, na akihofia madhara afungue, ailipe siku nyingine. Hata wazee wanaopeleka sadaka kwenye ule mkwaju wa Ziwa Katavi, ambako inasemekana hukaa roho ya Katabi mwindaji, huomba baraka kabla ya kuingia porini.

Hatari ya kulisha kwanza ipo, sikatai. Kuna kibarua mmoja alikunywa vikombe viwili vya uji wangu, akaaga anakwenda kujisaidia, na mpaka leo hajarudi. Jirani hulitaja tukio hilo kila tukikutana. Hasara ilikuwa vikombe viwili. Upande wa pili wa mizani kuna mtu anayeanguka kwenye mtaro saa saba mchana, mwili umefika nyuzi 40 na maneno yake hayaeleweki, na zahanati iko mbali.

Wewe unayeajiri watu kabla ya mvua, weka sufuria jikoni saa kumi na moja alfajiri, na gharama ya uji usiikate kwenye ujira wa mtu.