Kitabu, Sinema na Maisha: Nani Anatuambia Ukweli?

Siku hizi ukimpa mwanafunzi wa sekondari kitabu, mara nyingi anauliza kwanza: «Mwalimu, filme yake haiko?» Wazazi wengi wanakasirika wakisikia vile. Wanasema sinema imeua kitabu, sawa vile kitabu kiliua hadithi za wazee. Sisi walimu tunakaa katikati ya magomvi hayo. Ndiyo maana tumeona vema tuulize swali hili katika kijitabu chetu cha desturi: mtu anayetuonyesha maisha kwa picha ana deni gani kwa yule aliyeyaandika, na kwa wale walioyaishi?

Tuanze kwetu nyumbani. Zamani, jioni kando ya moto, mzee hakusimulia habari za Kabuluku mara mbili kwa namna moja. Kama watoto walikuwa wadogo, alifupisha. Kama mmoja wao aliiba muhogo mchana, basi usiku ule Kabuluku naye aliiba muhogo, na kila mtu alielewa nani anaambiwa. Kubadilisha hadithi hakukuwa kosa, ilikuwa kazi yenyewe ya msimuliaji. Lakini mzee yule yule akianza kueleza habari za ukoo, nani alizaa nani, nani alipewa shamba fasi gani, mambo yalikuwa mengine. Akiongeza au akipunguza, wazee wenzake walimkatiza: «Hapana, si vile.» Wazee wetu walikuwa na mizani mbili, moja ya hadithi na moja ya historia. Sisi tunaona kwamba mizani hizo mbili zingali zinafaa mbele ya televizyo.

Tutazame kwanza upande wa hadithi. Miaka ya 1950, padri mmoja Mbelji, Alexandre Van den Heuvel, alichukua habari za Mboloko, paa mdogo wa hadithi zetu, akazifanya filme za michoro kwa ajili ya Wakongomani. Mnyama alikuwa wetu, lakini msimuliaji hakuwa wetu tena. Na wakati ule serikali ya kikoloni ndiyo ilichagua filme gani Mwafrika aone na gani asione. Tunajifunza hapa kwamba si lazima uongo uwe katika picha. Picha inaweza kuwa nzuri, na watoto wakacheka sana, lakini mtu akanyimwa haki ya kuchagua atakachoona na ya kusimulia mambo yake mwenyewe.

Ousmane Sembène wa Senegali, aliyezaliwa 1923 na kufa 2007, aliielewa haki hiyo kuliko wengi. Alikuwa mbeba mizigo bandarini Marseille, na kitabu chake cha kwanza kilitoka 1956. Lakini aliandika kwa Kifaransa, na watu aliowaandika, wachuuzi, wafanyakazi wa reli, wamama wa mitaani, wengi wao hawakujua kukisoma. Basi, mtu mzima mwenye jina tayari, alienda kujifunza sinema Moscow. Hakuacha kuandika. Alifanya kazi zote mbili hadi uzee wake.

Kitabu chake Le Mandat kilitoka 1966, na filme yake, Mandabi, ilitoka 1968 kwa lugha ya Kiwolof. Ni habari za Ibrahima Dieng, baba wa Dakar asiye na kazi. Mpwa wake aliye Paris anamtumia 25 000 franka CFA. Ili aweze kupokea feza zile inatakiwa kadi ya kitambulisho. Ili apate kadi inatakiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Wakati anazunguka, madeni yanaongezeka, na mwisho ndugu mmoja aliyesoma anamdanganya na kumla feza zote. Nani kwetu hajatembea ofisi hadi ofisi juu ya karatasi moja? Kitabu kinatupa muda wa kukaa ndani ya mawazo ya Dieng. Filme inatuonyesha mwendo wake, joto la balabala, na mikono yake inayotafuta kitu mfukoni. Tena Dieng mwenyewe, asiyejua Kifaransa, angeweza kuielewa. Hapo sinema haikuiba kitabu, imekirudishia wenyewe.

Katika Xala, kitabu cha 1973, filme ya 1975, Sembène alienda mbali zaidi. Wafanyabiashara Waafrika wanashika Chumba cha Biashara, na katika filme Wazungu waliofukuzwa wanarudi na mifuko iliyojaa feza. Picha ile ya mifuko inasema kwa dakika chache jambo ambalo mwalimu angeeleza saa nzima. Mwandishi alibadilisha, na alikuwa na haki, juu ya ilikuwa hadithi yake, na maana yake haikupotea. Wakubwa wa Senegali waliikata filme ile fasi nyingi. Hiyo peke yake inaonyesha kwamba waliielewa vizuri.

Sasa tuje upande wa historia, na huko mizani inageuka. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 1966 Aimé Césaire alimwandikia mchezo wa kuigiza, Une saison au Congo. Mwaka 2000 Raoul Peck, mwana wa Haiti aliyekulia kwa sehemu hapa Kongo, alitoa filme Lumumba. Nchi yetu ikiwa katika vita, alipiga picha nyingi Zimbabwe na Msumbiji, na Eriq Ebouaney akacheza Lumumba. Ni filme nzuri, tunaisifu. Lakini tukisahihisha mitihani ya historia, tunakuta maneno ambayo Lumumba wa filme ndiye aliyeyasema. Tukimuuliza mwanafunzi, anajibu: «Mwalimu, njo vile ilikuwa, niliona mu filme.»

Hapa hatumlaumu Peck. Filme yake inampa Lumumba sauti ya kusimulia hata baada ya kufa kwake, na kila mtu mwenye akili anajua kwamba wafu hawasimulii hivyo. Peck hakuficha kwamba anasimulia. Shida ni kwamba filme haikatizwi. Kando ya moto wazee waliweza kusema «si vile». Mbele ya televizyo tunanyamaza, halafu tunalala. Mwezi wa sita 2022, Ubelgiji ulirudisha jino moja la Lumumba, na likazikwa Kinshasa. Kwa familia yake, jino lile moja ndilo mwili wote. Mbele ya jambo kama lile, anayeandika na anayepiga picha wote wawili wana deni: wasimfanye mtu awe kile asichokuwa, hata kwa mapenzi.

Wengine watasema: basi tukataze filme, turudi kwa kitabu. Sisi hatukubali. Kitabu nacho kinaweza kudanganya, tena kwa maneno mazuri. Na wako watu wenye akili sana ambao kitabu hakitawafikia. Hata katika nyumba za video, kijana anayetafsiri filme za kigeni kwa Kiswahili, akiongeza mizaha yake juu ya sauti ya wenyewe, anafanya kazi ya mzee wa zamani. Ubaya ni pale hakuna anayemuuliza kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tukiona filme pamoja na watoto, tusizime tu na kwenda kulala. Tuulize ni nini kimeongezwa, na nini kimeachwa. Pili, kama filme ina kitabu, tusome hata kurasa chache, tulinganishe. Tatu, kama filme inasema habari za watu walioishi, tuwatafute wazee waliokuwako wakati wangali hai, tuwaonyeshe, na tuwaache wakatize. Wale waliokuwa vijana mwaka 1960 wamebaki wachache. Tukichelewa, hakutakuwa tena mtu wa kusema «si vile».