Msitu na Mlinzi Wake wa Uwongo

Jumamosi moja, baada ya kupusa mvua za mwaka, wanafunzi wa darsa yetu walinitaka tutoke mji kwa siku moja twende milima ya Shimba, tukatazame kwa macho yale ambayo kila wiki twayasoma kitabuni juu ya viumbe vya Mwenyezi Mungu. Nilikubali, ijapokuwa magoti yangu si ya kijana tena. Tukavuka Likoni baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ya kusini hadi Kombani, hapo tukapinda kupanda Kwale, na jua halijawa kali tulikuwa tumo ndani ya hifadhi ile iliyotangazwa na serikali mwaka 1968.

Tuliwaona palahala wakila majani katika uwanda, wanyama ambao katika Kenya yote hawana makao mengine porini ila milima hii. Kisha tukashuka kwa miguu, mwendo wa kilomita mbili hivi, askari na bunduki yake mbele yetu, hadi maporomoko ya Sheldrick, ambapo maji huanguka kimo cha mita 21. Kushuka kulikuwa rahisi. Tulitawadha papo hapo, tukasali adhuhuri kwa jamaa chini ya miti, na kijana mmoja akauliza maji ya milima hii huishia wapi. Askari akacheka, akasema: "Mengine mwayanywa nyinyi." Kumbe ni kweli. Katika milima hiihii zimo chemchemi za Marere, na tangu zama za Waingereza maji yake hupelekwa Mombasa kwa mabomba. Msitu huyashika maji ya mvua, mchanga huyanywa, na chemchemi huyatoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Basi miaka yote tuliyokuwa tukisomesha mlango wa tohara mjini, hatukupata kuuliza maji ya kutawadhia yatoka kwa nani.

Lakini si hayo yaliyonikosesha usingizi. Jioni, katika kurudi, tulisimama katika kijiji kimoja chini ya milima ili tusali alasiri. Nilikijua kijiji kile. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilipokuwa kijana mwenye hamu kubwa na subira ndogo, nilikaa hapo siku tatu nikiwaidhi. Karibu na kijiji palikuwa na kaya, yaani kichaka cha miti mikubwa kilichobaki mahali pa mji wa kale wa Wadigo. Desturi ilikuwa haukatwi mti ndani yake, hapachungwi mnyama, wala mtu hatoki nje ya njia zilizojulikana, na aliyevunja mwiko alihofiwa kufikwa na maradhi au msiba. Nami nilisema msikitini kuwa hayo ni khurafati, kwamba mizimu haina uwezo wa kudhuru wala kunufaisha, na kwamba mwenye kuiogopa amemshirikisha Mwenyezi Mungu. Watu waliitikia vizuri, nikarudi Mombasa nikiwa nimefurahi.

Safari hii mzee mmoja wa pale, mtu wa sala tano, alinishika mkono tulipotoka msikitini. Akaniambia: "Sheikh, maneno yako yalikuwa ya haki. Vijana waliyasikia. Mwezi uliofuata waliingia na mashoka." Mvule ulikwenda, mbambakofi ukaenda, na matawi yakachomwa makaa yakapelekwa mjini. Kisima cha bondeni, alisema, sasa hukauka kabla ya Ramadhani ikiwa Ramadhani imeangukia kiangazi. Hakunilaumu, na lau angalinilaumu ningalipata la kujibu.

Swali nililorudi nalo ni hili: aliyeondoa hofu ya uwongo iliyokuwa ikilinda kitu chema, je, amekwisha kazi yake, au ndiyo kwanza imeanza?

Wako wataalamu wenye nia njema wanaosema kuwa watu wa kaya waachwe na itikadi zao, kwani zahifadhi miti kuliko sheria yoyote. Misitu ya kaya kadhaa imetangazwa na serikali tangu mwaka 1992 kuwa amana ya taifa, na mwaka 2008 baadhi yake ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Jambo hilo ni zuri. Lakini kumwacha mtu katika uwongo kwa sababu uwongo wake watufaa sisi ni kumdharau, kana kwamba yeye hawezi kuambiwa kweli kisha akaaminiwa. Na tena mlinzi wa uwongo hana maisha marefu: siku itikadi ifapo, na shoka huingia, awe amekuja sheikh au hakuja. Tauhidi haiuzwi kwa kichaka. Kwa hivyo sijuti kwa niliyoyasema. Najuta kuwa niliishia hapo. Mzimu ulikuwa uwongo, lakini mti ulikuwa kweli, na maji yaliyo chini yake yalikuwa kweli, na mimi sikutaja hata kimoja.

Tena sikuwa na udhuru wa kutojua. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar r.a. aliposikia watu wanauendea mti uliodhaniwa kuwa ndio uliofungiwa chini yake bai'a ya Ridhwan, wakisali hapo, aliamrisha ukatwe. Kisa hicho nilikihifadhi, na kwa kweli nilikitaja katika waadhi ule. Ambalo sikulitaja ni kuwa Umar huyohuyo aliweka hima, yaani ardhi iliyozuiliwa malisho yake kwa maslaha ya wote, na kabla yake Mtume s.a.w. aliweka hima Naqi', na akaifanya Madina kuwa takatifu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe. Hakuna aliyedhani kuwa katika miti ya Madina mna pepo. Ilizuiliwa kwa amri, na amri ilikuwa na mwenye kuisimamia.

Na hapa pana jambo ambalo hata hifadhi za leo zingelitazama. Umar alipomweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, kuwa mwangalizi wa hima, alimwonya aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, na akamwamrisha amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini asiwape nafasi mifugo ya matajiri, kwani wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Nalikumbuka hilo mzee alipotuonyesha shamba lake la mahindi lililokanyagwa na ndovu. Mwaka 2005 ndovu 150 walihamishwa kutoka Shimba hadi Tsavo Mashariki kwa sababu ya wingi wao. Pana ua wa nyaya, lakini ndovu akitaka mahindi ua ni jambo la kuzungumza naye tu. Sisi wa mjini twanywa maji ya mlima, twapikia makaa yake, na wazee wetu walichonga milango na kujenga majahazi kwa mbao za misitu hii ya pwani. Anayekesha usiku akipiga debe kuwafukuza ndovu ni yule mwenye shamba la ekari mbili. Kama msitu ni wa wote, kwa nini ulinzi wake uwe ni hasara ya mmoja?

Tulipokuwa tukingoja feri Likoni, wanafunzi walibishana kama haya ni mambo ya darsa au ni mambo ya serikali. Mmoja alisema tusome kwanza fiqhi ya maji yote tumalize. Nikamwambia tutaisoma, lakini safari hii tutaanzia kwenye chemchemi.

Nimempelekea khatibu wa kijiji kile barua, nikimwomba anipe mimbari Ijumaa moja nimalizie waadhi nilioukata nusu. Amenijibu kuwa nije, ila nije mapema kabla ya sala, kwani wazee wataka kunipitisha kwanza mahali kaya ilipokuwa, na nije na viatu vya kutembelea, kwani visiki bado vimo ardhini.