Ahadi ya Asiyeamini

Watu wakishajua kwamba siamini kuna Mungu, swali lao la kwanza huwa halimhusu Mungu. Linanihusu mimi: sasa ni kitu gani kinachokuzuia usiibe? Aliyeniuliza waziwazi kuliko wote ni jirani yangu, mzee wa kanisa, ambaye kila akisafiri huniachia funguo za nyumba yake, nami nikisafiri humwachia zangu. Hakuwa akinitukana. Alikuwa na wasiwasi juu yangu na alitaka jibu.

Swali lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka 1689 ulichapishwa waraka wa mwanafalsafa Mwingereza John Locke kuhusu uvumilivu wa dini. Locke alitaka serikali isimlazimishe mtu imani, na waumini wengi waliokuwa wakiandamwa kwa ajili ya dhehebu lao wamepata utetezi katika maandishi yake. Alipofika kwa asiyeamini, akaweka kikomo. Alishikilia kwamba ahadi, mikataba na viapo, mambo ambayo jamii imejengwa juu yake, hayawezi kumfunga mtu anayemkana Mungu. Alichohofia, basi, kilikuwa cha hapa hapa duniani: mtu huyu akinipa neno lake, nitalishikia wapi?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito wote, kwa sababu limewahi kuwafungia watu milango. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton, Uingereza, mwaka 1880. Kila mtu alijua hana dini, naye akaomba athibitishe badala ya kuapa. Akakataliwa. Akasema basi yuko tayari kuapa kama wenzake. Akakataliwa tena, kwa hoja kwamba kiapo kinywani mwa mtu kama yeye ni maneno matupu. Alilazwa usiku mmoja kizuizini ndani ya mnara wa saa wa Bunge. Kiti chake kilitangazwa wazi, wapiga kura wakamrudisha, na ikawa hivyo zaidi ya mara moja. Aliruhusiwa kukaa bungeni mwaka 1886, na miaka miwili baadaye akafanikisha Sheria ya Viapo ya 1888, iliyompa asiyeamini haki ya kuthibitisha mahali popote sheria inapodai kiapo.

Kanuni hiyo imo katika sheria zetu pia. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Viapo ya Kenya kinamruhusu mtu asiye na imani ya dini kuthibitisha kwa dhati badala ya kuapa, na uthibitisho wake una uzito ule ule. Akidanganya, kosa ni lile lile. Hata Rais, kwa mujibu wa Jedwali la Tatu la Katiba ya 2010, anaweza kuapa au kuthibitisha. Maneno ya kuomba msaada wa Mungu ni ya anayeapa.

Mimi nilikitumia kifungu hicho katika kesi ya mpaka wa shamba la familia yetu. Karani alikuwa ameshaninyooshea Biblia kabla hajauliza. Nilipomwambia sina dini, aliirudisha mezani, akaigeukia Kurani iliyokuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe, kisha akabaki amesimama akimtazama hakimu. Chumba kikanyamaza. Hakimu, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, akasema, "Atathibitisha." Nikathibitisha. Shahidi aliyenitangulia, mzee mmoja wa pale kijijini, alikuwa ameapa kwa Biblia na kueleza kwamba mpaka ni ule mstari wa mikonge uliopandwa na babu yangu, kuanzia kwenye jiwe la juu hadi mtoni. Nami nikaeleza mikonge ile ile, jiwe lile lile. Yule mzee alimwogopa Mungu. Mimi niliwaogopa watu wa nyumba mbili ambao wangeishi na matokeo ya maneno yangu, na nilikuwa na hakika kwamba nikisema uongo hakuna siku nyingine, mahali pengine, ambapo uongo huo utakuja kunyooshwa.

Hilo ndilo jibu nililompa jirani yangu, ingawa siku ile nililitoa kwa kusitasita. Muumini akimkosea mwenzake ana milango miwili ya kubisha: wa aliyemkosea na wa Mungu. Mimi nina mmoja tu. Nikikuibia, hakuna mwingine wa kunisamehe isipokuwa wewe, na ukifa kabla sijakurudishia, deni hilo halilipiki tena. Na nikidhulumiwa, siwezi kusema nimemwachia Mungu. Naisikia kauli hiyo kila siku, kwa wajane walionyang'anywa viwanja na vibarua waliokatwa mishahara, na najua inawapa watu nguvu ya kuamka kesho yake. Lakini asiyeamini hana wa kumwachia. Lazima aende kwa chifu, aandike barua, arudi tena wiki ijayo, au akubali kwamba dhuluma imepita. Kwangu, kutoamini ni hayo zaidi ya mijadala yote kuhusu asili ya ulimwengu.

Hapa kwetu kuna ugumu mwingine, ambao Locke hakuuwaza: watu hawasadiki kwamba asiyeamini yupo kweli. Machi 1970, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki jijini Nairobi, akaanza kwa kusema yeye si mtu wa kanisa wala hata si Mkristo. Alipomaliza, mzee mmoja alimjia akitikisa fimbo, akamwambia anadanganya, maana jina lake ni James. Ngũgĩ baadaye aliliacha jina hilo. Namwelewa yule mzee. Kwake, mtu aliyelelewa na kanisa na kupewa jina na kanisa hawezi kutoka. Atakuwa amekasirika tu, na hasira huisha. Nimeambiwa hivyo na shangazi zangu wote, kwa upendo: itakupita.

Serikali nayo imewahi kusita. Februari 2016 Jumuiya ya Wasioamini Mungu nchini Kenya ilisajiliwa rasmi. Miezi michache haikupita usajili ukasimamishwa, kwa maelezo kwamba kuwepo kwake kunahatarisha amani na utulivu, na jumuiya ikaenda kudai haki yake mahakamani. Ibara ya 8 ya Katiba inasema hakuna dini ya taifa, na ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri. Katika sensa ya 2019, watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini au hawaamini Mungu. Dodoso liliwaweka wote kapu moja, kwa hiyo siwezi kujua ni wangapi wanafikiri kama mimi. Hata hivyo ni umma wa watu, na sijasikia kijiji kilichovurugika kwa ajili yao.

Sitaficha panaponiuma. Rafiki yangu alipofiwa na mtoto wake wa miaka sita, waumini walikuwa na la kusema. Walisema mtoto yuko mahali pema, kwamba wataonana. Niliona maneno hayo yakimfikia mama yake, yakamwezesha kunywa uji. Mimi sikuwa nayo, na kuyasema bila kuyaamini kungekuwa kumdanganya mtu katika saa ambayo hana nguvu ya kujikinga. Nilikwenda na baba mtoto hospitali kulipia chumba cha maiti. Nilipanga foleni ya kibali cha mazishi. Nilitafuta hema na viti, na usiku wa kesha nilikaa naye nje kwenye moto hadi alfajiri, tukizungumza kidogo sana. Sidai kwamba hayo yanachukua nafasi ya sala. Hayachukui. Kuna faraja ambayo sina namna ya kuitoa, na anayekuambia kwamba kutoamini hakumgharimu kitu huenda hajazika mtu bado.

Mama yangu ni Mkatoliki. Jumuiya ndogo ndogo hukutana sebuleni kwake kwa zamu, na nikiwa nyumbani mimi ndiye hupanga viti na kupika chai. Kwa muda mrefu alidhani amekosea mahali fulani katika malezi yangu. Nimemwambia, na nadhani sasa anakubali, kwamba uaminifu ninaoujua niliupata kwake, aliponirudisha dukani jioni, na giza likiingia, kupeleka chenji ya ziada aliyonipa muuza duka.

Mwaka jana aliniita, akaniuliza kama nitamzika anavyotaka yeye au ninavyotaka mimi. Nilimwambia atazikwa anavyotaka. Akaanza kunitajia: misa kamili, si ibada fupi ya katekista, kwaya ya parokia, rozari ya mbao, ile aliyopewa na marehemu baba, izungushwe mkononi, na misa ya kumwombea kila mwaka, siku aliyofariki. Niliyaandika yote. Aliniuliza kama hiyo misa ya kila mwaka nitaikumbuka, kwa kuwa mimi siioni maana yake. Nikasema nitaikumbuka. Aliyasoma niliyoandika, akasahihisha jina la wimbo mmoja, kisha akanituma nikawapigie dada zangu niwaambie kwamba mambo ya mazishi yake yako kwangu.